Kengele Niliyoituma Ikiwa Wazi

Bwera, Kasese

Dada Rehema mpenzi,

Nianze na mlio, maana nikitanguliza salamu mkono utakataa kuendelea. Ni mlio wa mti kugonga mti, mkavu, usio na mwangwi: ko, halafu kimya, halafu ko-ko. Ulitoka ndani ya boksi lililofungwa, juu ya meza ya ofisi ya vifurushi mjini Kasese, mchana wa jua kali, na hakuna aliyekuwa amelishika. Lori lilikuwa limetoka kupita barabarani. Nimejiambia mara nyingi kwamba lilikuwa lori.

Sasa nikuamkie vizuri. Shikamoo, dada. Mguu wa Mama umepungua uvimbe, au bado anauficha chini ya khanga ukimuuliza? Na shemeji, kile kikohozi chake kimemwacha? Mimi mwili wangu mzima. Shuleni wananiita Mwalimu Kiswahili kana kwamba ndilo jina nililopewa na Baba. Nimezoea bundu, ule ugali wao wa muhogo, na sombe, mboga ya majani yake, nimezoea malori ya Kongo yanayosubiri foleni karibu na mpaka. Ambacho sijazoea ni namna mbwa wa huku wanavyonitazama siku hizi, na hapo ndipo barua yako iliponikuta.

Umeandika kwamba umepata mtu wa Arusha anayekusanya redio za zamani, na anaitaka ile ya mbao ya Baba. Unaogopa ataipokea kisha aseme imefika imepasuka, au akurudishie nyingine iliyokufa. Unajua kwamba mimi huuza vitu vya kale mtandaoni, vigoda, bangili za shaba, sarafu zenye tundu, kwa hiyo unataka nikufundishe kujikinga. Nitakufundisha. Ila kwanza nikueleze nilivyojikinga mimi.

Mwalimu mwenzangu Biira, anayefundisha baiolojia, ana bibi yake anayeishi mlimani, Kyarumba. Huku bibi wanamwita Mukaka. Alisikia ninanunua vitu vya kale akaagiza niende. Tulipanda boda mpaka njia ilipokuwa nyembamba, tukamalizia kwa miguu, tukipishana na wanawake waliojitwika kahawa, wanaoteremka ule mlima bila hata kutazama chini. Mukaka alikuwa na kengele ya mbwa. Usifikirie chuma, dada. Ni ya mti, kubwa kama ngumi mbili, imechongwa kama kobe aliyefumba mdomo, na ndani zinaning'inia ndimi mbili za mti uleule. Mbwa wa kuwindia wa zamani hawakuwa wanabweka, basi walivishwa kengele shingoni ili mwindaji ajue wako wapi ndani ya msitu. Mdomo wa kengele hiyo ulikuwa umezibwa kwa majani makavu, yameshindiliwa mpaka ndimi haziwezi kusogea.

Mwanawe Mukaka ni mzee wa kanisa, na alikuwa ameapa kuichoma.

"Anasema iko kitu ya shetani," Mukaka aliniambia. "Shetani gani anavaa kengele? Si watu wangemusikia akikuja!"

Akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaninyooshea kidole.

"Hii majani usitoe, mwalimu. Ukitoa, umesema kazi imeanza. Mbwa inasikia, inaenda."

"Mbwa gani, Mukaka? Si wenu walishakufa?"

"Mimi nilisema mbwa yetu?"

Nikamwahidi kwamba itakwenda hivyohivyo, imefungwa. Alitaka iondoke mbali na kiberiti cha mwanawe, na alitaka ifike imefungwa. Hayo mawili tu.

Nilipata mnunuzi upesi. Ni mwalimu wa muziki aliyestaafu, anaishi peke yake katika nchi ya baridi, anakusanya kengele za kila aina. Kwenye picha yake alikuwa amekaa na mbwa mweupe, mzee, kichwa cha mbwa kikiwa juu ya goti lake.

Nilijikinga naye kwa kila njia niliyoijua, na njia hizo ndizo nakuachia wewe. Nilipiga picha kila ufa, rula ikiwa pembeni. Kwa sindano ya moto niliweka kitone kidogo ndani ya mdomo wa kengele, mahali ambapo mtu hawezi kukiona asipoambiwa, wala picha yake sikumtumia mtu, ili akinirudishia nyingine nijue. Nilijirekodi video nikifunga, bila kukata, mpaka kibandiko cha anwani. Boksi ndani ya boksi, na nafasi katikati imejazwa isiweze kucheza. Thamani niliandika ya kweli, maana ukiipunguza ili kukwepa ushuru, siku ya hasara bima italipa hiyohiyo ndogo. Nililipia apokee kwa saini yake. Mazungumzo yetu yote niliyaweka kwenye mtandao ule tulikouziana, yasihamie kwenye simu.

Na kulikuwa na kanuni moja zaidi niliyojivunia: muuzaji asiandike neno lolote ambalo mnunuzi anaweza kulishika baadaye. Kwa hiyo kwenye maelezo niliandika aina ya mti, umri wa kukadiria na mahali ilikotoka. Habari ya majani sikuigusa. Nilisema moyoni, nikimwandikia mzungu kwamba asiizibue, kesho atadai nilimuuzia uchawi.

Ofisi ya vifurushi Kasese ni ya Twaha, mtu wa mzaha, mzigo hauondoki kwake kabla hajautania. Siku ile alipoiona kengele hakutania.

"Mwalimu, majani hapana. Kule wanapima kila kitu ya shamba. Wataichoma yote, na bima haitakulipa."

"Ni kidogo tu, Twaha."

"Hata mbegu moja. Toa, weka sponji."

Nikatoa. Yalikuwa yameshikamana kama kiota, yakatoka kwa pamoja, na kengele ikalia mara moja kiganjani mwangu. Twaha alikuwa anatazama nyuma yangu.

"Ee, umeita wateja," akasema.

Mlangoni walikuwa wamesimama mbwa wa mtaa, wale wanaoshinda kwenye mabanda ya nyama choma. Hawakubweka. Mikia haikusogea. Masikio tu yalikuwa yamesimama. Kisha wakageuka mmoja baada ya mwingine, wakaondoka wote upande mmoja, upande wa milima, wakikimbia kama watu waliochelewa kazini. Twaha akasema labda kuna mtu amechinja. Nami nikasema labda. Nikaweka sponji, nikafunga, nikajirekodi.

Ilifika salama. Mzee yule alisaini, akanishukuru kwa maneno mazuri, akatoa sponji kama ambavyo mtu yeyote angetoa, akaitundika karibu na mlango wake. Baada ya hapo ujumbe wake ulianza kubadilika. Nakutafsiria.

Kwanza: "Mbwa wangu ameipenda kuliko mimi. Anakaa chini yake siku nzima."

Halafu: "Mbwa wangu hali chakula. Upepo ukiigusa kengele, anasimama, anakwenda mlangoni, ananitazama kana kwamba mimi ndiye ninayemchelewesha."

Halafu: "Sikulaumu kwa lolote. Nauliza tu. Kuna jambo unalolijua kuhusu kitu hiki ambalo hukuniambia?"

Niliusoma ule ujumbe nikiwa nasahihisha madaftari. Nikiandika ndiyo, nimempa kisu. Nikajibu kwa adabu kwamba bidhaa ilifika salama, kwamba alisaini, na kwamba nyufa zake ni zilezile za kwenye picha. Kila neno lilikuwa kweli, dada. Nililirudia kulisoma kabla ya kutuma, nikaona hakuna pa kunishika.

 Kisha Twaha akanipigia simu kwamba kuna mzigo wangu umerudi.

Nilipofika ofisini kwake ndipo nikausikia ule mlio niliokuanzia. Twaha alilisukuma boksi kwa ncha ya kalamu mpaka likawa upande wangu wa meza.

"Chukua yako, mwalimu. Tangu asubuhi inaongea."

Kanuni ni kwamba anayepokea naye afungue mbele ya mashahidi, arekodi, kabla ya kusaini. Nikafanya hivyo. Kitone changu kilikuwepo. Hakuna ufa mpya. Ni ileile. Hakuweka sponji ndani, karatasi tu pembeni, na katikati ya zile ndimi mbili kulikuwa na manyoya meupe. Nilijiambia kwamba nyumba yenye mbwa hujaa manyoya. Chini kabisa kulikuwa na kadi, ameandika kwa mkono:

"Nilifungua mlango kuchukua maziwa, akatoka. Alikwenda moja kwa moja hadi msituni, yeye ambaye hata ngazi zilikuwa zinamshinda. Nimemtafuta sana. Sitaki kurudishiwa fedha. Nimedhani tu kwamba kengele ikirudi kwenu, labda naye atarudi kwangu."

Nilimwonyesha Biira. Akaisoma kadi mara mbili.

"Mbwa mzee huondoka kwenda kufa peke yake," akasema. "Hiyo ni baiolojia, mwalimu. Usijisumbue."

"Basi nishikie kengele kidogo nifunge kiatu."

Akacheka, lakini mikono aliiweka nyuma.

Tukapanda tena Kyarumba. Kengele ilikuwa kwenye mfuko wangu ikigonga kila hatua, na sikuthubutu kuiziba kwa kitu changu, nilishaizibua bila kujua ninachofanya, sikutaka kuiziba vivyo hivyo. Mukaka alikuwa anachambua maharagwe. Alipousikia mlio, kabla hajaniona, akaacha.

"Ni nani alifungua?"

"Mimi. Watu wa vifurushi walikataa majani."

"Vifurushi! Wako wanajua mbwa, hao watu?"

Nikamweleza habari ya mzee yule na mbwa mweupe. Akasikiliza huku akitupa mawe yaliyomo kwenye maharagwe, kwa hasira, kama anayemtupia mtu.

"Basi ifunge wewe, Mukaka," nikamwambia. "Nimekuletea."

"Mimi? Ile mbwa ilitoka kwangu? Kama kazi ilianza kule, inaisha kule. Majani ya pale pale, mukono ya ule muzee mwenyewe. Anafunga, anangoja."

"Na mbwa atarudi?"

"Ee! Sasa mimi niko Mungu? Bwana yangu alikuwa anafunga, zinarudi. Siku ingine zote. Siku ingine moja inabaki." Akarudi kwenye maharagwe yake, kisha akainua kidevu kuelekea mgongoni kwangu. "Na hii ni ya kwako?"

Nyuma yangu, ukingoni mwa ua, alikuwa amekaa mbwa wa rangi ya kahawia. Biira alimtambua kabla yangu. Tulimwacha kule chini tulikopandia boda, amelala kivulini. Hakuna mtu aliyemwita. Alikuwa anahema, miguu ina tope la njia yote, na alikuwa anautazama mfuko wangu.

Biira akahamia upande wa pili wa Mukaka.

Kwa hiyo, dada, fanya yote niliyokuandikia. Picha, video, kitone cha siri, boksi mbili, bima, saini. Kioo cha redio ukikinge kwa kadibodi na taa za ndani uzitoe uzifunge moja moja. Watu wabaya wapo na kanuni hizi zinawafaa. Lakini mwambie yule mtu wa Arusha kwamba redio ile inarusha umeme ukiigusa kwa nyuma. Mwandikie kwa maneno yako mwenyewe, hata kama atashusha bei au ataacha kununua. Mimi niliyapanga maneno yangu yote kunilinda na mzee ambaye hakuwa na nia ya kuniumiza, na upande wake sikuacha hata sentensi moja.

Nisalimie Mama, umwambie mguu auweke juu ya mto anapokaa. Nisalimie shemeji. Nisalimie Mama mkubwa, na fundi aliyenitengenezea sanduku la kusafiria, kufuli yake bado inafunga vizuri. Watoto wako wapige busu mashavuni, hata yule mkubwa anayejifanya mtu mzima.

Ungeniuliza nitaifanyaje kengele sasa, lakini nimeshafanya. Jana nilishuka Kasese nikaituma tena kwa mzee, ni yake, na fedha zake nimemrudishia. Ndani nimeweka barua inayosema kila alichosema Mukaka, pamoja na sentensi hii: alipouliza kama kuna ninalolijua, nililijua. Nimemweleza akate majani ya pale mlangoni kwake, aishindilie kwa mkono wake, asubiri, na kwamba hakuna anayeweza kumwahidi. Sikupiga picha. Twaha aliniuliza bima, nikasema hapana, saini, nikasema hapana. Akanipa karatasi ya forodha nijaze maelezo ya bidhaa, nikaandika: kengele ya mbwa, iko wazi, ifungwe ikifika. Twaha akaisoma hadi mwisho, asitanie, akalibeba boksi kwa mikono miwili hadi kwenye gari.

Mdogo wako akupendaye,
Zuhura