Halua ya Kazi Mpya

Bawshar, Maskati

Mwanangu Jaifar,

Assalamu alaykum. Sisi huku wazima, ila joto linatutesa, na kiyoyozi cha sebuleni kimeharibika tena.

Uliponambia umepata kazi ya uhandisi kwenye kiwanda huko Uingereza, ukaniomba nigawe halua kwa majirani, niliinunua siku ile ile. Nikamuuliza binti yangu Lujain kiwanda chenu kinatengeneza nini, nipate cha kusema milangoni mwa watu. Akanisomea kwenye simu: mabomu mapya ya nyuklia, kwa sababu yale ya zamani yamechakaa.

Nna swali moja, na mimi si msomi. Serikali ya huko inasema mabomu hayo ni ya kuwekwa tu, hayatotumika. Sasa kitu cha kuwekwa tu kina haja gani ya kuwa kipya?

Nilianza kwa Bi Mazoon, jirani wa ukuta mmoja. Akapokea sahani, akauliza kama tunavyoulizana sote: "Halua ya kheri gani?" Nikasema Lujain kafaulu mtihani. Nikasema hivyo hivyo nyumba zote saba. Sasa Lujain anapongezwa kila anapotoka, na mtihani wenyewe hajaufanya.

Sikukasirikii, na dua nakuombea kila sala. Ukipata kazi nyengine, hata ya kutengeneza viyoyozi, nambie. Nitanunua halua nyengine, na mlangoni nitataja jina lako.

Shangazi yako akupendaye,
Shariffa