Picha ya Mkono wa Mama

Ujerumani, Jumapili

Mama yangu mzazi, shikamoo.

Najua Yohana ndiye anayekusomea, basi mwambie mdogo wangu asome taratibu, asiruke mistari kama kawaida yake. Hapo Issuna mnaendeleaje? Alizeti mmeshavuna? Na vidole vyako, vimeacha kukakamaa? Mimi ni mzima wa mwili, ila roho imechafuka.

Unajua kazi yangu huku ni kuchora magonjwa ya ngozi kwa ajili ya vitabu vya madaktari. Juzi nilifunguliwa kabati la picha za zamani, zilizochorwa kwa mkono kabla kamera hazijaenea. Mama, wale watu walikuwa mafundi. Kila doa wamelipatia wekundu wake. Wagonjwa wao wazungu wamechorwa pamoja na sura zao, nywele zimechanwa, mama mmoja ana mpaka hereni. Halafu nikamkuta mwanamke mweusi kama sisi. Mgongo tu, kichwa hana. Na chale alizochanjwa na mganga wake zimeandikwa kuwa dalili za ugonjwa. Nilifunga kabati nikaenda chooni kulia.

Sikulilia picha tu. Nilimkumbuka yule tabibu wa zahanati alivyosimama na kitabu chake mbele ya mkono wako, akitafuta wekundu. Kitabuni ukoma ulikuwa mwekundu, juu ya ngozi nyeupe. Baka lako lilikuwa limepauka tu, basi akasema ni fangasi, akakupa dawa ya kupaka. Ukapaka misimu miwili ya kilimo, mpaka siku ile sufuria ilipokuunguza usihisi kitu. Yeye simlaumu sana. Nawalaumu waliotengeneza kitabu kile, na ndio hao hao ninaowafanyia kazi.

Sasa wanaandaa kitabu kipya, wanataka na ngozi yetu. Nikatumia ile picha yako aliyoipiga Yohana. Si unakumbuka ulivyoniambia kwenye simu? "Chora, wasije wakamkosea na mwingine. Ila usiniache bila kichwa kama mbuzi wa buchani."

Nikakuchora na uso wako, na kanga ya njano, na jicho lile la kumkaripia mtu. Mkubwa wangu akasifu rangi, kisha akaweka karatasi nyeupe juu ya uso wako. Eti mkono unatosha, lazima tulinde siri ya mgonjwa. Nikamwuliza yule wa hereni siri yake aliilinda nani. Akasema hayo ni ya zamani. Nikamwambia mgonjwa mwenyewe ndiye aliyetaka uso wake uonekane. Akasema utaratibu ni utaratibu.

Nilitaka kuichana picha yako. Nikamfikiria huyo mwingine uliyemsema, ambaye pengine hivi sasa anapaka dawa ya fangasi. Nikashindwa.

Mama, vidonge usiviache hata ukijiona umepona. Nisalimie shangazi Mwajuma, muuza vitunguu wetu, na dada Sofia anayekusaidia kuteka maji. Mjomba Elia, aliyekataa kula sahani moja na wewe, mwambieni salamu zake sina.

Picha niliikata mwenyewe kwa mkasi, sikutaka wao ndio wakukate. Mkono nimewaachia, wajifunzie. Kichwa chako kimo humu kwenye bahasha, na kanga yako. Kipokee, mama, huku kimekosa pa kukaa.

Binti yako,
Neema