Soma Volti Kwanza

Chilangala, Jumatatu

Shikamoo dada Agatha,

Waifai ya zahanati nimeifunga mimi, fundi asiye na mpinzani Newala nzima! Jana, kabla sijaiwasha, mwanao Pili akaletwa na uchungu, mtoto kakaa vibaya. Daktari wa Masasi akataka kumwona kwa video. Kwa haraka nikashika chaja ya redio yangu, ncha inaingia sawasawa kwenye kifaa cha waifai. Nesi Witness akanidaka mkono: "Baba Cecil, soma volti kwanza!"

Kifaa volti kumi na mbili, chaja ya redio ishirini na nne. Ningekiunguza, dada.

Nikaitoa chaja ya kifaa chenyewe kwenye boksi, nikaichomeka. Taa nyekundu, nyekundu, kisha kijani. Daktari akaelekeza.

Una mjukuu wa kike, wote wazima. Kwetu mjomba wa mama ndiye mtoa jina, nimempa Witness.

Mdogo wako, mikono ya dhahabu, macho ya kuazima,
Benedikto