Uzito wa Simioni

Gorong'a, 9 Februari 2024

Mwanangu Gati,

Hamjambo huko Mugumu? Sisi wazima, ila mdogo wako Simioni. Simu zetu ameziponda kwa jiwe, anasema zinamsikiliza. Ndiyo maana nakuandikia. Anaongea na watu nisiowaona. Wewe unafanya usafi hospitalini, hebu waulize madaktari: kijana alikuwa mzima, kimempata nini?

Mama yako, Rhobi

Mugumu, 20 Februari

Shikamoo mama,

Mimi na watoto tunaendelea vizuri. Daktari ameniuliza Simioni alizaliwa na kilo ngapi. Nikakumbuka ulivyomfunga kifuani, mdogo kama kifaranga. Anasema baadhi ya waliozaliwa wadogo sana huja kuugua akili ukubwani. Si wote, na hawezi kusema kama kwa Simioni ndiyo sababu. Usijilaumu, mama. Mpe kila siku vile vidonge alivyopewa zahanati.

Binti yako, Gati

Gorong'a, 15 Machi

Marahaba mwanangu,

Wajukuu wangu hawajambo? Barua yako imenipa usingizi. Kumbe ni uzito tu! Kilo moja na nusu, nani asingepungukiwa? Basi namjazia sasa. Maziwa yote ya zizini ni yake, na baba yako amechinja dume huku ananung'unika. Vidonge nimeviacha, vinamlaza mpaka ugali unapoa. Ungemwona mura, kijana wetu, anavyokula!

Mama yako

Mugumu, 22 Machi

Shikamoo mama,

Leo sina salamu ndefu. Upungufu wa siku ya kuzaliwa haujazwi kwa nyama ukubwani! Mrudishie vidonge leo hii. Nimempigia Vincent wa dukani zinakofikia barua zako, hapatikani. Kichanga changu kimelazwa na homa, siwezi kuja. Najuta nilivyokuandikia. Nakuomba, mama.

Gati

Gorong'a, 3 Mei

Mwanangu Gati,

Mtoto amepona? Vincent alikuwa Sirari, barua yako ikakaa kwenye duka lililofungwa. Nilipoipata nikampa Simioni vidonge, akavitema. Jumapili alimkaba baba yako. Wanaume wanne walimshika akawatupa. Nguvu zile ni za maziwa yangu. Mwishowe wamemfunga kamba kwenye nguzo ya zizi.

Sasa wazee wanasema nisimpe chakula mpaka alegee. Nimepika, sahani iko mbele yangu. Analia njaa, Gati. Anaita mama, leo ameniita jina langu hilo kwa mara ya kwanza tangu augue. Nimpe, nisimpe?

Mama yako