Sufuria ya Bibi Haichemki

Mshauri mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na kukuletea jambo lililonishinda. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Mama hurudi na gazeti lenu kutoka hotelini anakofanya kazi, likiwa limeshasomwa na wageni, na mimi ndiye ninayeisoma safu yako kwa sauti nyumbani. Safari hii sijui kama nitathubutu kuisoma, kwa sababu barua inamhusu mama, inamhusu bibi, na inanihusu mimi zaidi.

Bibi mzaa mama anaishi nasi. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni, akipikia masufuria ambayo mtoto angeweza kuogea ndani yake, na hadi leo wanaume wenye ndevu humsimamisha njiani wakimwita Mama Ukoko, maana mwanafunzi aliyechelewa kupanga foleni, wali ukiwa umekwisha, bibi alimkwangulia ukoko na kumwambia, "Haya, fundi wa kuchelewa, lete sahani." Mimi ananiita mke mwenza, kwa madai kwamba namnyemelea babu, ingawa babu alifariki kabla sijazaliwa.

Sasa bibi anasahau. Alianza kwa kusahau miwani, akaja kusahau kama amekula, na siku nyingine ananiita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa. Kabla ya mvua za mwaka huu aliwasha jiko la gesi, akafunika moto kwa kitambaa cha kushikia sufuria akidhani ni mfuniko, kisha akatoka kwenda kuanua nguo ambazo hazikuwepo, na pazia likashika moto, na mama akauzima kwa mikono yake mwenyewe. Kovu linatoka kiganjani hadi kwenye kiwiko, na kazi ya mama ni kupiga pasi, kwa hiyo joto humkumbusha kila siku.

Mjomba, ambaye ni fundi umeme, aliuondoa mtungi wa gesi akatuletea jiko dogo la umeme la kubebeka, wanaliita la indaksheni, bapa kama sinia, lenye uso wa kioo, lisilotoa moto wala kuwa jekundu. Alitueleza kwamba linafanya kazi kwa nguvu ya sumaku na linakubali sufuria ya chuma tu. Ukiliwekea sufuria ya alumini, linalia tii-tii kisha linajizima. Alileta sufuria moja nzito inayokubali. Mama huipikia jioni, halafu huificha juu ya kabati, nyuma ya sanduku.

Sufuria za bibi zote ni za alumini.

Siku ya kwanza bibi alipobandika sufuria yake kuukuu, mama alitaka kumzuia, lakini mjomba akasema, "Dada, mwache. Hapo hata akikesha hawezi kuunguza kitu. Si anataka kupika? Apike." Mama akashusha pumzi, na ikawa hivyo. Hata mimi nilifurahi mwanzoni, kwa kuwa bibi alitulia, na jiko lilipolia alituchekesha, "Hicho kifaranga chenu kina njaa kuliko ninyi."

Lakini mshauri, mimi ndiye ninayerudi mchana. Nikifika namkuta amesimama na mwiko, anakoroga mchele katika maji baridi, na mchele umevimba kwa kulowa tu, naye anachota punje, anaitafuna, anatikisa kichwa. "Vumilia, mke mwenzangu, bado kidogo." Mama alinielekeza kwamba bibi akisinzia niumwage mchele ule, nipashe chakula cha jana yake katika sufuria iliyofichwa, nimpakulie na kumwambia kuwa chakula chake kimeiva. Nimefanya hivyo mara nyingi.

Wiki iliyopita alionja, akaweka kijiko chini.

"Nani kapika hiki?"

"Wewe, bibi."

"Mimi?" Akacheka. "Mimi niisahau chumvi yangu? Hiki ni cha mama yako. Tangu mdogo yule ana haraka na chumvi." Halafu kicheko kikakatika, akawa anaitazama mikono yake. "Basi changu kiko wapi?"

Macho yangu yakaenda kwenye sufuria yake tupu.

"Kumbe hakiivi," akasema. "Nashinda jikoni na hakiivi. Mkono wangu umekufa, mjukuu wangu, na mimi bado nipo."

Kesho yake alikuwa ameyasahau maneno hayo, lakini huzuni hakuisahau. Alisimama mlangoni mwa jiko letu, mahali alipozoea kutufukuza kwa mwiko, akapiga hodi. Aliniuliza kama anaruhusiwa kuingia.

Nilimweleza mama usiku ule alipokuwa anapaka dawa kwenye kovu. Akasema, "Mwanangu, bora alie. Akilia najua yuko hai." Kisha akageukia ukuta, na niliona mabega yake yakitikisika.

Nimewaza kuishusha ile sufuria mama akiwa kazini, nimpikishe bibi mara moja tu. Nikiukumbuka mkono wa mama naogopa, na nikiusikia mwiko unakwangua sufuria baridi nashindwa hata kufungua daftari. Mwalimu wetu wa baiolojia aliniambia bila kunificha kwamba ugonjwa huu hauponi. Siombi apone. Naomba tu alione povu likipanda. Je, nimtii mama, au nimsikilize bibi?

Mimi,
Mke Mwenza

MSHAURI ANAJIBU

Mke Mwenza, pole sana. Nilipofika pale kwenye hodi niliiweka barua chini, nikaenda kunywa maji, ndipo nikarudi.

Sasa nikugombeze, halafu tufanye kazi. Hilo la kuishusha sufuria kwa siri, lifute kichwani leo hii. Bibi yako amesahau mengi, ila bado ana macho. Akikuona unaichukua juu ya kabati, siku ukiwa shuleni atapanda kiti aifuate. Ulilifikiria hilo? Hukulifikiria. Na mama yako asikie kutoka kwa nani?

Lakini hukuiba wala hukutukana, kwa hiyo acha kujitesa. Ulifanya ulivyoagizwa, na mama yako aliagiza kwa mkono ulioungua. Usisahau kwamba huyo unayemwita bibi yeye anamwita mama, na anampoteza kila siku huku akipiga mashuka ya watu pasi. Mjomba wako ndiye ningemvuta sikio. Alijua jiko litakataa sufuria, na hakujiuliza anayekoroga atawaza nini. Mlimkinga bibi na moto, hapo mlifanya vyema. Kosa lenu ni kumwacha mbele ya jiko lisilopika, akajihukumu mwenyewe.

Kwa hiyo isome safu hii kwa sauti kama kawaida yako, barua na jibu, mama akiwa ameketi. Sauti ikikukwama, mpe yeye amalizie.

Kuanzia kesho, asipokuwepo wa kumsimamia bibi, jiko lichomolewe na lifungiwe. Asiachiwe tena kukoroga maji baridi. Mchana mpe kazi inayoisha, achambue mchele, amenye viazi, na ukirudi umwonyeshe kwamba ndicho mnachokwenda kupika. Siku ya mapumziko ya mama, mwiteni mjomba aje na muda wake, si na mzaha wake. Shusheni sufuria ya chuma, mwekeni bibi mbele ya jiko. Wewe shika swichi, yeye ashike mwiko. Vitambaa vikae mbali, na mikono yake pia, maana kioo hakiwi chekundu lakini chini ya sufuria hubaki cha moto. Mama yako akitaka kusimama mlangoni na ndoo ya mchanga, mwache asimame. Ana haki ya kuogopa. Chumvi aitie bibi, na ikizidi mtakunywa maji.

Akiuliza kwa nini siku zile chakula chake hakikuiva, mwambie, "Jiko hili halikuiweza sufuria ile, bibi. Mkono wako mzima." Ndio ukweli wenyewe. Akisahau, mwambie tena kama vile hujawahi kumwambia. Usichoke, na usimkumbushe kwamba ulikwisha kusema.

Mpelekeni pia hospitali, mkaeleze kusahau kwake na hiyo huzuni yake. Mwalimu wako alisema kweli kuhusu kupona, ila kuna mengi ya kumpunguzia uzito, na mama yako naye akaeleze ya kwake.

Sitakupamba maneno. Itakuja siku bibi ataushika mwiko asijue ni wa nini, na siku hiyo utalia sana, wala hakuna nitakachokuandikia kitakachozuia. Lakini kwa barua yako, siku hiyo bado. Leo anaijua chumvi yake na ya binti yake. Pikeni leo.

Na wali ukiiva, msimpigie makofi kama mtoto aliyejifunza kutembea. Yule ni mpishi. Wengine wakae wapakuliwe, wewe potelea uani kidogo, ujifanye una shughuli. Rudi wali ukiwa umekwisha, simama mbele yake, unyooshe sahani, umwombe ukoko.