Maracuja za Papa

Butembo, 3 Februari 2025

Papa mpendwa,

Salamu nyingi. Hamjambo huko Mbau, na mama je? Mimi niko salama, ila moyo hautulii tangu ulipoondoka hapa na kile kidole cheusi cha mguu. Simu yako bado imekufa, basi nampa barua hii dereva wa moto, yule wa pikipiki.

Daktari aliongea haraka, narudia. Mishipa ya damu ya miguu yako imevimba kwa ndani na damu inaganda humo. Moshi wa tumbaku unaingiza mwilini vitu vikali vinavyokula kuta za mishipa, kama kutu inavyokula bati. Darasani kwetu wanaiita stress oxydatif. Matunda kama maracuja yanasaidia kupunguza hiyo kutu. Lakini sigara uache kabisa. Una miaka arobaini na moja tu, Papa.

Binti yako, Léa


Mbau, 20 Februari

Binti yangu Léa,

Tuko wazima, Mungu asifiwe, mguu tu unauma hata nikiwa nimekaa. Barua yako niliisoma mbele ya wazee wa kanisa, nikajivuna sana. Pasta Ananie akasema: « Huyu mutoto anajua mambo mingi, mais shiye hatukamate yote. » Mimi nilikamata, nilielewa yote. Kila siku nakunywa maracuja vikombe viwili, donc sigara zimebaki mbili: moja baada ya kila kikombe. Mama yako analalamika, lakini yeye hakusomea kutu.

Papa yako


Butembo, 23 Februari

Papa,

Salamu zitafuata. Hapana! Hata sigara moja, hapana! Tunda haliwezi kufuta kile ambacho moshi unaingiza. Hizo mbili zinatosha kuuchochea ugonjwa. Kosa ni langu, niliandika kwa kujionyesha. Zitupe leo, uende hospitali Beni. Nijibu kwa dereva huyuhuyu.

Binti yako, Léa


Butembo, 9 Machi

Papa,

Uko hai? Madereva wanasema njia ya Mbau imefungwa. Nauliza kila anayetoka Beni. Leo mwalimu ametaja ugonjwa wako, nikatoka nje ya darasa. Naogopa, Papa.

Léa wako


Beni, 28 Machi

Mwanangu Léa,

Nakusalimu kutoka hospitalini. Barua zako mbili zilinifikia siku moja, hapa kitandani, nikiwa nimeshakatwa vidole vitatu vya mguu wa kushoto. Usijilaumu. Uliandika niache kabisa. Mimi nilichagua sentensi niliyoipenda.

Daktari anasema mguu utabaki nikiacha. Nikivuta tena, wataukata. Leo ni siku ya tisa bila sigara. Nimemgombeza mama yako, nimemgombeza hata Pasta aliyekuja kuniombea. Mgonjwa wa kitanda cha pili ana paketi chini ya mto, na najua zimebaki ngapi.

Njia imefunguka. Njoo upesi, na usinifundishe kitu. Keti tu hapa, kati ya kitanda changu na chake.

Papa yako