Anajifanya Mkono Haufiki

Dada mshauri, pokea salamu zangu, na baada ya salamu naomba unisaidie kwa sababu jambo hili limenikaa kooni na kwa ndugu zangu siwezi kulisema, wataniona sina akili. Mimi ni dobi, nafua na kupiga pasi nguo za watu kwenye chumba cha mbele cha nyumba ninayopanga, na nina binti mmoja wa miaka saba, mdogo wa umbo mpaka mtaa mzima unamwita Kidoti, na mama yake alitutoka mwaka juzi kwa maradhi, na tangu hapo tumebaki wawili, mimi na yeye.

Sasa shule ya hapa kwetu, mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa anapimwa kwa mkono, yaani anaupitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, akigusa sikio la kushoto anaandikishwa, asipogusa anaambiwa arudi mwakani, na Kidoti cheti hana kwa kuwa karatasi zake ziliharibika paa lilipovuja, kwa hiyo mwaka jana nilimpeleka, akajinyoosha weee, vidole vikaishia juu ya sikio, mwalimu mkuu akamwambia, "Nenda kale ukue, mama," tukarudi nyumbani, na nakuambia ukweli dada, njia nzima nilikuwa na furaha.

Mwaka huu uandikishaji unafunguliwa mwisho wa mwezi. Juzi Kidoti alikuwa amepanda kigoda anabana mashuka kambani, mkono wa kushoto umeshika shuka, nikaona ule wa kulia unapanda juu ya kichwa, unashuka upande wa pili, unakuna sikio, tena si kugusa, ni kukuna kabisa mpaka nyuma ya sikio. Akaniona. Akaushusha mkono kama mtu aliyekutwa anaramba sukari. Jioni yake akaja dada yangu, akasema hebu tuone huo mkono umefika wapi, Kidoti akaupitisha, vidole vikasimama kwenye nywele, akasema, "Bado, shangazi." Dada yangu akasema, "Huyu tukiungoja mkono wake ataingia darasa la kwanza ameshachumbiwa." Tukacheka wote, na mimi niliyejua nikasema, "Bado kidogo tu, mwakani." Mtoto akanitazama, nami nikainamia pasi.

Jirani yangu mmoja, fundi cherehani, mama asiye na maneno mengi, ndiye aliyenifungua macho, kwa sababu naye alikuwa amemwona Kidoti akilikuna hilo sikio, akamuuliza kwa nini haitaki shule, akajibiwa, "Nikienda shule baba hatakula." Maana dada, mama yake alipofariki mimi mchana nilikuwa sili, nafanya kazi tu, na huyu mtoto ndiye aliyekuwa ananiletea sahani na kukaa mbele yangu mpaka nimalize, na hadi leo hukaa, nikibakisha tonge anasema, "Baba, na hilo." Yeye ndiye anayepanga soksi za watu, anazijua alama zote za uzi ninazoshona kwenye kola ili nisichanganye mashati, na sare za watoto wa jirani zikiletwa kupigwa pasi huwa anajipima kifuani halafu anazikunja, na akiimba hiki chumba kinakuwa chumba cha watu.

Swali langu ni hili, je, nimwache mwaka mmoja tu mpaka nizoee, au nimwambie kwamba nimeona? Nikimwambia nitamwaibisha, nisipomwambia namdhulumu. Na akienda, dada, ule mchana nitaufanyaje?

Dobi, Baba Kidoti

JIBU

Baba Kidoti, pole kwanza. Nakupa pole ya mke, kwa sababu naona watu walikupa siku za msiba, wakaondoka nayo. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilihitaji leso, kwa hiyo ninayokuambia usidhani yanatoka kwenye jiwe.

Ila kugombezwa utagombezwa. "Mwaka mmoja tu mpaka nizoee," unasema. Mwaka jana si ulipewa mwaka mzima? Ukautumia kuzoea kukaa naye, na mwakani utaniandikia barua hii hii. Umemwajiri mtoto wa miaka saba kazi ya kukulisha. Najua hukumtuma. Aliona nafasi iko wazi, akaingia.

Halafu ile sare. Umeichomeka katikati ya soksi na nyimbo, ukapita mbio, ukidhani mimi sitaiona. Mtoto asiyetaka shule hajipimi sare, mwenzangu. Anaitaka shule. Anakupenda wewe zaidi, ndiyo maana anaikunja.

Na hilo la sikio lisikusumbue, maana mimi sijaona sikio likishika kalamu. Mtoto ana miaka saba, awe na mkono mrefu au mfupi. Kesho funga kazi, nenda kituo cha afya alikozaliwa, uwaombe watafute jina lake kwenye rejista yao na wakuandikie uthibitisho. Wakikuzungusha, usikae kusubiri huku siku zinakwisha. Nenda kwa mwalimu mkuu pamoja na huyo fundi cherehani na dada yako, wote wanaujua umri wa mtoto, mkaongee naye kiungwana. Mzazi anayerudi mara ya tatu huwa anasikilizwa, hata kama ni kwa kuchokwa.

Umeniuliza kama umwambie umeona. Usimwambie. Mtoto aliyedanganya kwa mapenzi haumbuliwi. Wewe pika mwenyewe, pakua mwenyewe, leta sahani mbili, yako na yake. Ule mpaka mwisho bila kukumbushwa. Ukimaliza mwambie hivi, "Mwanangu, umenitunza vizuri sana, asante. Sasa kazi hii naichukua mimi." Hatakuamini, na kwa nini akuamini? Atakuchungulia siku kadhaa. Basi wewe kula, na kisichopita kisukume kwa maji.

Huo mchana unaouogopa hauna dawa, nisikudanganye. Utakuwa mrefu. Mwombe yule fundi mle pamoja pale mlangoni kwake, kila mtu na sahani yake. Sikutumi kuposa, nakutuma kula. Na dada yako naye mweleze ukweli. Ameshakuchekesha, sasa akusaidie.

Siku ya kwanza mpeleke wewe, asiwe mtu mwingine. Mkifika getini, uwe wa kwanza kuuachia mkono, kwa sababu yeye hatauachia. Atapiga hatua chache, atageuka akutazame. Hapo ndipo atakaposoma usoni mwako kama aendelee au arudi, kwa hiyo mpungie na ucheke, hata kama kicheko chenyewe ni cha kuazima. Machozi yasubiri mpaka ufike nyumbani, na huko lia utakavyo. Kesho yake atageuka tena, na keshokutwa, na wewe kila mara uwe umesimama palepale. Iko asubuhi moja ataingia ndani na wenzake bila kugeuka. Usiumie, Baba Kidoti. Atakuwa ameshaamini kwamba akirudi atakukuta.